Muunguzi Mfawidhi

Jana mchana, nikiwa nimeshiba wali na maharage yaliyoungua, niliota nimeitwa kituo cha afya na herufi niliyoichimba kwa mkono wangu mwenyewe.

Sikuwa na homa. Nilikuwa na kosa. Ili ndoto ieleweke, inabidi nieleze kwanza nililala na nini rohoni, ingawa maelezo yenyewe hayanipambi.

Mimi ni fundi wa vibao vya mezani, hapa Kizota, Dodoma. Vile vibao vinavyokaa mbele ya wakubwa, jina juu, cheo chini, ili mgeni ajue anamwamkia nani. Wenzangu hutumia mbao au bati. Mimi hutumia mabaki ya kaunta za jikoni. Wateja huyaita jiwe. Si jiwe. Ni unga wa madini uliokorogwa na gundi ya plastiki ukaganda kuwa ubao mzito, rangi moja kutoka juu mpaka chini. Nachimba herufi kwa ruta, mashine ya mkono yenye kijino kinachozunguka. Namwaga rangi juu yake bila kujali inasambaa wapi. Ikikauka napiga msasa. Rangi ya juu yote inaondoka, inabaki ile tu iliyoingia palipochimbwa. Ufundi wote ndio huo. Mtu mwenye akili anajifunza kwa wiki mbili. Mimi ilinichukua mwaka.

Pamoja na hayo, mlangoni kwangu nimetundika tangazo: HERUFI HAZIKOSEWI HAPA.

Wiki iliyopita alikuja Sista Tusekile Mwaisumbe. Ni muuguzi wa kituo cha afya cha mtaani kwetu kwa miaka ishirini na sita, na mwezi uliopita wamempa kuwaongoza wauguzi wote wa pale. Cheo chake sasa ni muuguzi mfawidhi. Aliyemtangulia alistaafu akaondoka na kibao chake, na tangu siku hiyo kila anayeingia ofisini anamkuta Sista nyuma ya meza, anamtazama usoni, kisha anamuuliza, "Samahani dada, mfawidhi yuko wapi?" Mmoja alimkabidhi ufunguo wa choo.

"Sitaki makubwa, Fundi," aliniambia. "Nataka tu waache kuniuliza mimi niko wapi."

Nikamwambia ondoa shaka. Wageni kutoka mkoani wangefika jana saa kumi. Yeye angepita kwangu saa tisa kuchukua kibao.

Jana asubuhi, basi, nilikuwa nachimba mstari wa chini. Ndipo harufu ikanifikia kutoka jikoni. Nikapaza sauti: "Mama Sechelela, maharage yanaungua!" Mke wangu, Perusi, akajibu kwamba mwenye pua bila shaka ana mikono pia. Nikaendelea kuchimba huku nabishana naye kichwani, na kichwani nilikuwa nashinda. Nikamwaga rangi ya bluu, ikakauka, nikapiga msasa. Kibao kikang'aa, kikasomeka hivi:

TUSEKILE A. MWAISUMBE
MUUNGUZI MFAWIDHI

Hazikuwahi kutoka mkononi mwangu herufi nzuri kama zile. Hasa hiyo N. Ilisimama wima kama askari siku ya gwaride. Mama wa watu ameuguza nusu ya Kizota, mimi nimemwandika kuwa mtu wa kuunguza.

Sikufanya hata moja ambalo mtu mzima angelifanya. Sikumpigia simu. Nilikifunga kibao kwenye gazeti, nikajiambia kwamba watu hawasomi vibao, wanasoma sura. Halafu nikala, nikatandika mkeka chini ya meza ya kazi, nikalala usingizi wa mtu asiye na hatia.

Hapo ndipo nilipoitwa.

Niko kwenye korido ya kituo cha afya. Benchi ni lile la siku zote, la mbao, limeng'arishwa na miaka ya watu kusubiri. Lakini waliokaa si watu. Ni vibao vyangu. Vyote nilivyowahi kutengeneza vimejipanga kwa zamu, kila kimoja kimeshika kadi.

"Shikamooni," nawaambia.

Havijibu. Kibao hakiamkiani na mtu, kinaamkiwa tu. Hilo nilipaswa kulijua.

"Nasumbuliwa na A," AFISA UGAVI anamwambia jirani yake, kana kwamba mimi sipo. "Hii ya mwisho. Imelala upande. Mwaka wa nne huu naisubiri iamke."

"Afadhali yako," anasema KATIBU MUHTASI. "Mimi T na H wamebanana. Usiku H anakosa pumzi. Nimemwambia bosi, bosi anasema ni mtindo. Fundi alimwambia ni mtindo."

Natazama ukutani. Kuna bango linalosema kunawa mikono ni muhimu. Nalisoma mara nyingi kuliko linavyohitaji.

Mwishoni mwa benchi amekaa mtu mmoja tu wa nyama na damu, bibi mwenye goti lililovimba kama kibuyu. Nampa shikamoo. Yeye anaitikia.

"Na wewe unaumwa nini, baba?" ananiuliza.

"Mimi nimesindikiza tu," namjibu.

Mlango unafunguka, inatoka N.

Inanifika magotini. Ni ya bluu, imevaa kofia nyeupe ya uuguzi, imebeba faili. Inatembea kama bata, kwa kuwa miguu yake miwili imeungwa na mwamba wa mshazari.

"Ndugu Zefania Chilongani!" inaita. "Ndani!"

"Mimi nimesindikiza," nasema tena.

"Nimekuona. Nakufahamu. Nilizaliwa mikononi mwako leo saa nne asubuhi. Njoo."

Nagundua kwamba kila sentensi yake inaanza na herufi yake yenyewe. Kama fundi, naona fahari kidogo. Halafu naona aibu kwa kuona fahari. Halafu naingia.

Sista Tusekile amekaa nyuma ya meza. Mbele yake kimesimama kibao changu. Kimekaa sawa kabisa, na kutoka mlangoni kinasomeka vizuri mno.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, Fundi. Karibu ukae. Usinipe mkono."

Nakaa. Natazama. Chai inachemka kwenye kikombe chake na hakuna jiko. Mafaili yote kabatini yamekuwa ya kahawia pembeni, kama mkate uliosahauliwa. Kwenye gauni lake jeupe, kila mahali alipopumzisha mkono pana alama ya kiganja, imekauka, imekunjamana.

"Kumetokea nini hapa?" namuuliza, nikiwa na sauti ya mtu aliyepita tu njiani.

"Hakijatokea kitu. Tunafanya kazi," anasema. "Kibao kikishakaa mezani, mwenye meza anafuata kilichoandikwa. Ndivyo utumishi ulivyo. Nimeandikiwa kuunguza, naunguza. Naanza saa moja na nusu asubuhi, nafunga saa tisa na nusu. Tangu nifungue leo nimeunguza kipimajoto, daftari la zamu, na kalenda mpaka mwezi wa tisa."

"Hukuweza kukataa?"

"Nimekaa miaka ishirini na sita bila cheo, Fundi. Kimekuja, nikikatae kwa sababu ya herufi?"

Anasema hivyo kwa upole, na mimi napenda zaidi watu wakinifokea. Ukifokewa unapata la kujibu.

Bibi wa goti anaingia bila kuitwa. Anakaa kwenye kiti cha wagonjwa, anapandisha kitenge, anautandaza mguu mbele ya Sista.

"Nishike hapa, mwanangu," anasema. "Kama siku zote. Ukinishika tu linatulia."

Sista anaipeleka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Leo siwezi, mama."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi nishike."

Sista hasogei. Mikono ameificha nyuma kama mtoto aliyekutwa na sukari. Mikono hiyo imepokea watoto ambao leo ni baba za watu. Ilimpokea Sechelela wangu, saa kumi na moja alfajiri, mvua inanyesha, mimi nimezimia koridoni na kuwapa wauguzi kazi ya pili. Sasa hana pa kuiweka. Machozi yanamtoka, na kila chozi likifika shavuni linalia chwi, kama maji kwenye kikaango, linakuwa mvuke.

Chumba kimejaa mvuke. Najiona nalazimika kusema neno.

"Sista," nasema, "ni herufi moja tu."

Koridoni vibao vyote vinaguna kwa pamoja. N inafungua faili, inaandika.

"Neno lako limepokelewa," inasema. "Ni la kumi na moja la aina hiyo."

"Basi nakutoa!" naiambia, kwa ushujaa wa mtu anayeona njia ya mkato. Nachomoa patasi mfukoni. Katika ndoto huwa nina patasi mfukoni. Katika maisha huwa naikopa. Naishika N shingoni, navuta. Mkono wangu unapita katikati yake, unatokea upande wa pili. Navuta tena. Nashika hewa.

"Ni shimo, Fundi," N inanieleza, taratibu, kama mwalimu wa chekechea. "Ni shimo ulilochimba mwenyewe. Nitatolewaje? Ningekuwa kitu ungenitoa."

"Sasa tufanyeje?"

"Nizibe."

"Kwa nini?"

"Namaanisha kwa unga. Na uwe wa jiwe hilihili, rangi hiihii, juu mpaka chini. Nikiwekewa wa rangi nyingine nitaonekana zaidi."

Nasema sina. Kipande kile kilikuwa cha mwisho, rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Yule mwenye kaunta hana kingine. Nalisema hili kwa furaha fulani, maana ni kweli, na mimi ukweli unaonisaidia huwa nausema haraka.

N inamtazama Sista. Sista ananitazama mimi, kwa jicho la kitaalamu.

"Pengine yeye mwenyewe anao," anasema. "Tumpime."

Napepesa macho. Meza ya Sista imekuwa meza yangu ya kazi, na mimi niko juu yake, chali, nimebanwa kwa jiriwa begani na nyongani. Karakana ni yangu, ila vibao vimeketi dirishani kutazama. Bibi amekuja na kiti chake. Ruta imesimama karibu na sikio langu, inanguruma polepole.

"Leo nachimba nini?" Ruta inauliza. Ina sauti ya mtu aliyeamshwa.

"Huchimbi," Sista anaijibu. "Huyu kachimbwa tayari. Tunataka kusoma."

N inapanda juu ya kopo, inanimwagia rangi ya bluu kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. Ni ya baridi. Wanasubiri ikauke. AFISA UGAVI anakohoa. Kisha Sista anachukua msasa, ule laini wa mwisho, anaufunga kwenye kipande cha mbao ili mkono wake usiniguse, anaanza kunisugua.

Inatekenya kuliko inavyouma. Nacheka peke yangu.

Rangi inaondoka. Inaondoka kwenye tumbo, kwenye mapaja, kwenye mashavu. Inabaki palipochimbwa tu. Kumbe nimechimbwa kila mahali.

Sista anavaa miwani, anasoma kwa sauti kama anasoma cheti cha mgonjwa.

"Mkono wa kushoto. UMEME ULIKATIKA."

"Ulikatika kweli," nasema. "Siku ile."

"Mkono wa kulia. MTEJA ALIANDIKA VIBAYA MWENYEWE. Tumboni, kuzunguka kitovu. IKO SAWA, NI MWANGA TU UNAOINGIA VIBAYA. Paja. SIKU HIZI WANAIANDIKA HIVYO."

"Hiyo ni ya kwangu," anasema KATIBU MUHTASI kutoka dirishani.

"Mgeuzeni."

Nageuzwa. Mgongoni ni kirefu. Sista anakaa ili asome vizuri. Mgongoni mna visingizio vya tangu shule ya msingi, vingine vina tarehe. Anavisoma vyote. Karibu na bega, kipya kabisa, chembamba, rangi yake bado mbichi kidogo:

"NI MAHARAGE."

Anavua miwani.

"Kazi nzuri," anasema Sista hatimaye, na najua anasema kwa haki, kwa kuwa ni mtu wa haki. "Nafasi zimelingana. Mistari imenyooka. Na katika maandishi yote haya hamna hata herufi moja iliyokosewa."

Hilo linaniingia kuliko msasa. Vibao dirishani vinatazamana. A iliyolala ya AFISA UGAVI inainuka kidogo, ione vizuri, halafu inalala tena.

"Nione ulimi," anasema Sista.

Nautoa. Anainama, anautazama pande zote.

"Huu ni mtupu. Haujaguswa. Hapa ndipo neno la kuomba radhi hukaa kwa watu wengine." Anageuka. "Ruta."

Ruta inapandisha mwendo. Kijino kinang'aa. Naiona inakuja, na ni ileile ninayoishika kila siku, kumbe ikikujia kwa mbele ina sura nyingine kabisa.

"Ngoja!" napiga kelele. "Nitasema mwenyewe!"

Ruta inasimama. Inaonekana imevunjika moyo.

Nafungua mdomo. "Samahani," nasema, "kwa usumbufu wowote uliojitokeza."

Unga unanitoka mdomoni. Ni wa kijivu, kama saruji. N inausogelea, inauchota kidogo, inaunusa, inapiga chafya.

"Nakataa. Nyingine."

"Samahani kama kuna mtu ameumia."

Unga wa waridi. Vibao vinacheka.

"Nyingine!"

"Samahani, Sista, lakini unajua na wewe jina lako ni refu, na cheo chenyewe..."

Unga wa kijani, mwingi, unanipalia. Bibi wa goti anasogea na kiti chake, ananipiga mgongoni mpaka natulia. Ananiinamia.

"Baba," anasema, "sema tu kilichotokea. Mimi goti linauma."

Namtazama bibi. Namtazama Sista, amesimama na mikono yake nyuma. Sijui kwa nini ni vigumu. Angeingia mwizi karakanani ningesema. Ingeshika moto ningesema.

"Nilikosea," nasema.

Kitu kidogo kinadondoka. Chembe tu. Rangi ya maziwa yenye chai.

N inatulia. "Naam," inanong'ona. "Naam, ndio huo."

"Nilikosea mimi. Niliona asubuhi, palepale nilipomaliza msasa. Nilijua maana yake. Nikakifunga kwenye gazeti nikala, nikalala, nikategemea wewe ndiye uje uaibike mbele ya wageni, halafu mimi niseme ni mwanga."

Unga unashuka mfululizo sasa, laini, rangi moja, unamwagika kutoka mdomoni mwangu hadi kwenye kibao, unaingia ndani ya N. Miguu yake inajaa kwanza. Inaketi chini. Mwamba wake wa mshazari unajaa.

"Ninaisha," inasema. Haionekani kuhuzunika. Inavua kofia yake, inaiweka pembeni, vizuri. "Nilikaa vizuri lakini, au siyo?"

"Hakuna N niliyoichimba vizuri kama wewe," naiambia. Na huo pia ni unga wa rangi ileile.

"Nashukuru," inasema, na haipo tena.

Pale ilipokuwa pamebaki kilima kidogo cha unga. Sista anakitazama. Anauleta mkono wake wa kulia mbele, kwa hofu, anaweka ncha ya kidole cha shahada juu ya kile kilima, anakandamiza.

Kunalia chiiii. Moshi mwembamba unapanda, na harufu naijua: ni ya jiwe la kaunta likichomwa na kijino butu, plastiki iliyoungua, chungu, inayokaa puani. Sista anavuta mkono, anautikisa hewani.

"Mama yangu wee!" anasema. Ni mara yake ya kwanza leo kuungua yeye.

Anakipuliza kidole. Kisha, polepole, anamwendea bibi, anapiga magoti, anaweka kiganja chake juu ya goti lililovimba.

Tunasubiri wote. Ruta imezima.

"Baridi," anasema bibi, na anafumba macho. "Mikono yako ya baridi, mwanangu. Ulikuwa umeipeleka wapi?"

Nataka kujibu mimi. Nafungua mdomo, na kitu kinanipiga ubavuni.

Kilikuwa kidole kikubwa cha mguu cha Perusi.

"Baba Sechelela, amka. Saa nane hii. Unazungumza na nani huko chini, unaomba radhi kama kuku?"

Nilitoka chini ya meza nikajigonga kichwa, jambo ambalo hulifanya kila siku. Nikafungua gazeti. N ilikuwa palepale, wima, bluu, ina afya njema. Ndoto haikuwa imenisaidia kazi.

Nikakigeuza kibao. Upande wa pili ulikuwa mtupu, safi, rangi ileile, kama ulivyokuwa tangu asubuhi. Dawa ilikuwa imelala chini ya kosa muda wote. Sikuigeuza kwa sababu kukigeuza kibao kungekuwa kukiri kwamba upande wa kwanza umeharibika.

"Perusi," nikasema, "nimemwandika Sista kwamba anaunguza watu. Njoo unisomee herufi moja moja."

Hakucheka hapo hapo. Alifuta mikono kwenye khanga, akasimama nyuma yangu. "M," akasema. "U. U nyingine. G."

"G?"

"G, mume wangu. Usiniangalie mimi, angalia jiwe."

Alinisomea mpaka mwisho, na alipofika DHI aliirudia mara mbili kwa kuwa hana imani na mimi. Tulimwaga rangi, akaipuliza kwa feni ya sebuleni huku akinieleza kuhusu maharage mambo ambayo ni kweli tupu. Saa tisa kasoro dakika chache nilikuwa napiga msasa, na Sista alipobisha hodi nilikuwa bado nafuta vumbi.

Aliingia na gauni lake jeupe, limepigwa pasi likasimama lenyewe. Mfuko aliubeba kwa mkono wa kushoto. Nilimwekea kibao mbele. Alikisoma bila sauti, midomo ikitembea. Aliposoma MUUGUZI MFAWIDHI alivuta pumzi, akakipapasa kwa nyuma ya kiganja.

"Ni mimi," akasema.

Ningeweza kuishia hapo. Nilikuwa nimebandika karatasi nyuma, imekaa vizuri, na nilikuwa nimeshatunga la kusema akiuliza: ni ya kuzuia mikwaruzo. Perusi alikuwa mlangoni, kaegemea, ananitazama.

"Sista," nikasema, "geuza. Toa hiyo karatasi." Ulimi ulikuwa mzito. "Nilikosea. Niliona tangu asubuhi, nikakificha nikalala. Nisamehe."

Akabandua karatasi. Akasoma. Akasoma tena. Feni ya sebuleni ilikuwa bado inavuma, hatukuwa tumeizima.

Halafu akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, kisha akalazimika kushika meza ya kazi. Perusi naye akaachia kile alichokuwa amekibana tangu saa nane. Walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilisimama katikati kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe.

"Kiache hivyohivyo," Sista akasema akifuta macho. "Wageni watasoma mbele. Huku nyuma nitasoma mimi. Na wale wanaotaka kuruka foleni, nitawageuzia."

Nilikipokea nikifunge. Kilikuwa na joto la mikono yake, la kawaida tu. Alipokitia kwenye mfuko ndipo nilipoona kwa nini alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Kidole cha shahada cha kulia kilikuwa kimefungwa plasta, mpya, nyeupe.

"Umefanyaje kidole, Sista?"

Akakitazama kama mtu anayetazama simu ya mtu mwingine.

"Hata sijui, Fundi. Baada ya chakula nilisinzia kidogo pale ofisini, kwenye kiti. Nimeamka kina lengelenge, kinachonyota. Na sikuwa karibu na pasi wala jiko."

Akakipeleka puani, akanusa, akakunja uso. Kisha akainua macho, akaitazama ruta yangu, akatazama vumbi lililokuwa juu ya meza.

"Kinanuka kama hapa kwako," akasema.